Garanti ya Houston, bafle za Katuba

Yaya mpendwa, dada yangu mkubwa,

Jambo sana kutoka Katuba, hapa Lubumbashi. Mimi ni mama wa watoto 4, na tangu mwaka 2021 ndimi kesie, mtunza pesa, wa kwaya ya parokia yetu. Nakuandikia kwa sababu ya bafle mbili, yaani spika kubwa. Ni majuma matatu sasa nalala nikizihesabu.

Kwaya yetu ina watu 38. Kila Jumapili baada ya misa tunachanga franka kidogo kidogo, wamama wanauza karanga na mandazi, na vijana wakialikwa kuimba kwenye harusi nusu ya malipo inaingia kwenye sanduku. Imetuchukua miaka 3 kufikisha dola 1,150. Bafle tulizo nazo zimechoka. Moja inakwaruza kila mara besi wanaposhuka, nyingine imenyamaza tangu Pasaka. Siku ya Noeli tulikodi sono, vyombo vya sauti, kwa dola 60, mwenye sono akachelewa, misa ikaanza tukiimba kwa koo tupu.

Mdogo wake prezida wa kwaya anaishi Houston, Marekani. Ameona mtandaoni bafle za inchi 15, zenye ampli (kikuza sauti) ndani yake, za kiwanda chenye jina. Zimeandikwa kwamba zimetengenezwa upya, dola 240 kila moja, garanti (dhamana) mwaka 1. Hapa mjini duka moja linauza mpya za aina hiyohiyo kwa dola 520 kila moja, garanti miezi 3. Mtu wa kontena kule Houston anasema atatufikishia zote mbili Lubumbashi kwa dola 180, duane (ushuru wa forodha) ikiwa ndani, kupitia Dar es Salaam na Kasumbalesa, muda wa miezi 2 au 3. Na vijana wameona palepale mikro mbili za bila waya kwa dola 70 tu. Wanazitaka mno.

Komite nzima imekwisha kukubali. Nimebaki mimi, maana ufunguo wa sanduku ninao mimi, na nina jambo ambalo sijamwambia mtu.

Mwaka jana walinituma ninunue miksa, chombo cha kuchanganya sauti. Nikaiona mtandaoni, imepunguzwa bei, dola 130, chaneli 8, garanti mwaka 1. Ilipofika, chaneli ya 3 haikutoa sauti. Nilimwandikia muuzaji. Akajibu kwa heshima kwamba garanti ipo, ila niirudishe kwa pesa yangu, tena garanti yenyewe ni ya nchi yake tu. Kuirudisha waliniambia dola 95. Nikanyamaza. Nikawaambia wenzangu tuiache chaneli ile, kwamba saba zinatutosha. Hakuna aliyeuliza, lakini kila nikiliona tundu lile tupu naona haya.

Prezida ananiambia, "Mama kesie, mwaka mmoja ni mrefu kuliko miezi mitatu, unangoja nini?" Bwana yangu anasema rahisi ni ghali, tununue hapa tuone kwa macho. Nisaidie, Yaya. Garanti ya mwaka 1 ya kule na ya miezi 3 ya hapa, kubwa ni ipi? Na watu hawa wakiandika "imetengenezwa upya", kitu hicho kimefanyiwa nini hasa?

Mama kesie, Katuba

* * *

Mdogo wangu mama kesie,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisimama pale kwenye chaneli ya 3. Nitarudi hapo mwishoni. Kwanza nijibu ulichoniuliza.

Garanti ya miezi 3 ndiyo kubwa. Duka la hapa unaweza kulifikia asubuhi moja, wewe na kijana mmoja wa kukubebea, mkaiweka bafle mbele ya muuzaji na kumwambia: haitoi sauti. Garanti ni njia ya kumrudishia mtu kitu chake, na mtu huyo akipokee. Njia ikiwa ndefu kiasi kwamba nauli inakula bei ya kitu, basi hata ikiandikwa miaka 10 huna garanti.

Hili nimelijifunza kwa kulipa. Mimi na marehemu mume wangu tulifanya sono ya harusi na matanga kule Kamalondo kwa miaka 12. Tuliwahi kuleta ampli kutoka Johannesburg, mpya kabisa, garanti miaka 2. Mwezi wa tano ikatoa moshi usiku wa matanga, watu wamekaa wanalia. Ilikuwa na kilo 24. Kuirudisha ilibidi ipite Kasumbalesa, ivuke Zambia yote, ivuke mipaka mingine huko mbele, na kila mpaka una karatasi zake. Zaidi ya hayo, usipofanya karatasi ya kuonyesha kwamba kitu kinatoka kwa muda tu ili kitengenezwe, siku kinaporudi kinaweza kuhesabiwa kama mali inayoingia mara ya kwanza, ukalipa duane tena. Duka halikukataa. Lilisema: ileteni. Hatukuipeleka. Fundi mmoja wa Kenya, mtaa wetu wa hapa Lubumbashi, si nchi, aliitengeneza kwa dola 45 na ikafanya kazi miaka mingine 6.

Kwa hiyo prezida anapolinganisha mwaka na miezi, analinganisha namba mbili zisizopimwa kwa kipimo kimoja. Mwambie kwa upole, maana nia yake ni njema.

Lakini usifunge mjadala hapo. Sijasema mnunue hapa.

Mwombeni huyo ndugu wa Houston awatumie maneno yote ya garanti, si tangazo. Tangazo lina mstari mmoja. Garanti yenyewe ina ukurasa mzima au mbili. Humo atafute mambo haya. Je, garanti inatolewa na kiwanda au na muuzaji? Viwanda vingi vya sauti vinakubali tu kitu kilichonunuliwa kwa muuzaji waliyemwidhinisha; ukinunua kwa mwingine, hata kama bafle ni ya kweli na mpya ndani ya sanduku, kiwanda kinakuambia nenda kwa aliyekuuzia. Je, inamlinda mnunuzi wa kwanza peke yake? Mara nyingi ndivyo ilivyo, na mnunuzi wa kwanza hapo atakuwa ndugu wa Houston, si kwaya ya Katuba. Je, ni ya nchi ile tu? Hilo ndilo lililokukuta na miksa. Na aangalie sehemu ya mwisho, ile wanayoandika yasiyolindwa: kuvunjika njiani, maji, na kuharibiwa na umeme usiotulia. Mdogo wangu, wewe unaishi Lubumbashi. Unajua kurani, umeme wetu, inavyoshuka jioni mpaka taa inakuwa nyekundu kama kaa la moto, halafu inarudi kwa kishindo. Bafle nyingi zinazokufa hapa kwetu zinauawa na hilo, na karatasi nyingi za garanti zimelitoa nje tangu mwanzo.

Sasa "imetengenezwa upya". Neno hilo linafunika vitu vya namna nyingi, na bei haitakuambia ni kipi.

Kuna kitu kilichorudi kiwandani. Pengine mtu alikinunua akabadili mawazo baada ya siku tatu. Pengine kilikuwa na kasoro kweli. Kiwanda kinakifungua, kinapima, kinabadili kilichoharibika, kinakirudisha sokoni na garanti yake, ambayo mara nyingi ni fupi kuliko ya kitu kipya. Hiki ndicho ninachokiamini kuliko vyote, hata kuliko baadhi ya vitu vipya, maana kimepita mkononi mwa mtu aliyekijaribu kimoja kimoja. Kuna kilichotengenezwa na muuzaji mwenyewe, na hapo kila kitu kinategemea muuzaji: mmoja ana fundi na vyombo vya kupimia, mwingine amefuta vumbi na kupaka rangi nyeusi. Kuna ambacho sanduku lake lilifunguliwa tu, au kilikuwa cha maonyesho dukani. Na kuna kinachouzwa kwa maneno yanayomaanisha "kama kilivyo". Maneno hayo kule Marekani, katika majimbo mengi, yana uzito wa sheria: muuzaji amejivua, hakuna garanti ya aina yoyote. Ndugu akiyaona popote kwenye ukurasa, hata kwa herufi ndogo, aache.

Basi mwulizeni swali moja la wazi: nani amezitengeneza upya, kiwanda au muuzaji? Jibu liwe la maandishi.

Baada ya hapo ndipo uone faida mliyo nayo, ambayo wewe kwenye miksa hukuwa nayo. Mna mtu Houston. Ule mwaka wa garanti hautawafaa mkiwa Katuba, ila unafanya kazi kikamilifu siku zote bafle zinapokuwa sebuleni kwake. Na juu ya garanti kuna siku za kurudisha, ambazo kwetu zina thamani zaidi: Amazon, kwa mfano, vitu inavyoviuza kama vilivyotengenezwa upya kwa kawaida inavipa siku 90. Wauzaji wengine wanatoa siku 30 au 14. Siku hizo zinaanza kuhesabiwa kitu kinapofika mlangoni kwake. Kosa linalofanywa na watu wetu wengi ni kwamba kitu kinatoka kwa muuzaji, kinapelekwa moja kwa moja kwa mtu wa kontena, kikiwa bado na gundi yake. Miezi 3 baharini na barabarani. Kinafunguliwa Lubumbashi, hakitoi sauti, na siku za kurudisha zilikwisha kikiwa hata hakijafika Dar es Salaam.

Bafle zenu zikae Houston siku 14 kabla ya kupanda kontena; ila muuzaji akitoa siku 14 tu za kurudisha, majaribio yaishe kabla hazijakwisha. Si kukaa tu, zifanye kazi. Ndugu aziwashe kila siku, saa moja au mbili, na siku chache za mwisho azipandishe sauti kubwa kadiri majirani watakavyovumilia. Kasoro ya kielektroniki iliyofichika mara nyingi hujitokeza chombo kikipata moto. Aingize waya kwenye kila tundu la nyuma, asiache hata moja. Acheze wimbo wenye besi nzito na kusikiliza kama kuna mkwaruzo. Akiondoa wavu wa mbele, aweke vidole vinne kuzunguka koni, ule utando wa duara unaotoa sauti, na kuisukuma polepole: inatakiwa iende na kurudi bila kukwaruza popote. Aangalie ule ukingo laini unaoshika koni. Ukingo wa sponji unazeeka na kuoza wenyewe kadiri miaka inavyopita, hasa penye unyevu, hata kama bafle haikutumika. Akibonyeza na kuona unamomonyoka kama mkate mkavu, azirudishe siku hiyohiyo. Alinganishe namba ya kiwanda iliyo nyuma ya kila bafle na ile ya kwenye fakture (ankara). Halafu apige video, sauti ikisikika na namba ikionekana. Video hiyo mtaihitaji kwa mtu wa kontena pia, maana kikivunjika njiani ni juu yake, na kabla ya kumpa atoe karatasi inayosema hivyo.

Kuna jambo moja ambalo kama halikukaa sawa, mengine yote hayana maana, na barua yako haikuligusa. Umeme wa Marekani ni volti 120. Wetu ni 220. Chombo cha volti 120 peke yake ukikichomeka hapa kinaungua ndani ya sekunde chache, mbele ya macho yako, na hakuna garanti duniani itakayokulipa.

Nyuma ya kila bafle yenye ampli, karibu na mahali pa kuingiza waya wa umeme, kuna kibandiko au maandishi. Ndugu apige picha hapo kabla ya kulipa. Muuzaji akikosa picha hiyo amwombe. Ikiandikwa 100 hadi 240, mna bahati, inajirekebisha yenyewe. Kama kuna swichi ndogo nyekundu au nyeusi yenye 115 upande mmoja na 230 upande mwingine, inafaa pia, ila igeuzwe kwenye 230 kabla ya kuchomekwa hapa, na mtu abandike karatasi ya onyo juu ya tundu la waya tangu Houston. Fundi pia aangalie fiyuzi, maana fiyuzi ya 115 na ya 230 hazilingani. Ikiandikwa 120 tu, achaneni nazo. Watakuambieni mtanunua transfoma. Itakuwa nzito, itakuwa ghali, siku moja kijana mmoja kwa haraka atachomeka bafle ukutani bila transfoma, na miaka yenu 3 itakwisha hapo. Isitoshe, umeme wao unapiga mara 60 kwa sekunde na wetu mara 50. Ampli ya zamani yenye transfoma nzito iliyoundwa kwa 60 peke yake hupata moto zaidi hapa.

Kwa sababu hiyo nakuomba uulize kwaya: hakuna mwenye ndugu Ubelgiji au Ufaransa? Sijaona kwaya ya Lubumbashi isiyo na mtu Liège au Brussels. Umeme wao unalingana na wetu na plagi yao inaingia kwenye tundu zetu. Na sheria za Umoja wa Ulaya zinamlinda mnunuzi kuliko za Marekani: aliyenunua mtandaoni kwa mfanyabiashara ana siku 14 za kurudisha bila kutoa sababu, na kitu kipya kina ulinzi wa kisheria wa miaka 2, hata muuzaji asipoandika neno. Kwa kitu kilichotumika, nchi zimeruhusiwa kupunguza, lakini si chini ya mwaka 1. Ulinzi huo nao unabaki Ulaya, kwa hiyo zile siku 14 za majaribio ni zilezile. Bei ya huko inaweza kuwa juu kidogo. Linganisheni.

Tufanye hesabu, maana hesabu ya komite haijakamilika. Bafle mbili ni dola 480. Bei mnayoiona kwenye kurasa za Marekani kwa kawaida haina kodi ya mauzo ndani yake. Houston ni asilimia 8.25, karibu dola 40. Kontena dola 180. Jumla 700. Mtu wa kontena anaposema duane iko ndani, aandike hivyo kwa mkono wake, maana TVA yetu, kodi ya ongezeko la thamani, peke yake ni asilimia 16 na haihesabiwi kwa bei ya bafle tu. Halafu toa dola 150 uziweke kando, usiziguse. Hizo ndizo garanti yenu halisi. Ni za fundi wa hapa, na mziandike kwenye daftari kwa jina hilo: garanti. Mmefika 850. Mpya za hapa ni 1,040. Kwa njia ya Houston mnabaki na dola 300, kwa njia ya duka mnabaki na 110.

Ningekuwa mimi, kama kiwanda ndicho kilichozitengeneza upya, kama kibandiko kinasema 100 hadi 240 au kuna swichi, na kama ndugu atakubali kazi ya siku 14, ningenunua za Houston. Likikosekana moja kati ya hayo matatu ningekwenda dukani hapa bila kujuta. Bwana yako hajakosea kabisa kusema rahisi ni ghali, ila bafle iliyojaribiwa siku 14 na mtu wenu si ile rahisi anayoiogopa.

Mkienda dukani, msitoke na risiti ya mkono yenye neno "garanti" tu. Fakture iwe na mhuri, jina la duka na namba yake ya RCCM (rejista ya biashara), namba ya kiwanda ya kila bafle, tarehe, muda wa garanti, na nani atakayetengeneza. Zijaribuni palepale, sauti juu, hata wakikunja uso. Sheria yetu ya mikataba, ile ya tarehe 30 Julai 1888 ambayo bado inatumika, inamwajibisha muuzaji kwa kasoro iliyofichika hata kama hakuandika garanti, mradi mnunuzi asikae nayo muda mrefu kabla ya kulalamika. Lakini kasoro ambayo ungeiona kwa macho pale dukani, hiyo haimhusu.

Mikro za bila waya, hapana. Najua vijana watanuna. Waeleze bei ile ya kutupa ilikotoka: mwaka 2017 Marekani iliuza kwa mnada masafa ya megahezi 600 yapewe kampuni za simu, na tangu tarehe 13 Julai 2020 mikro za bila waya zimekatazwa kwenye sehemu kubwa ya masafa hayo. Miaka 10 kabla yake, Juni 2010, yalikatazwa yale ya 700. Mikro nzuri za bei kubwa zikawa hazina kazi nchini kwao, nyingi zikageuka bidhaa za punguzo. Afrika nayo, masafa ya kuanzia 694 hadi 862 yamefunguliwa kwa simu. Mikro kama hiyo inaweza kuimba vizuri mwezi wa kwanza, halafu Jumapili moja ikajaa makelele katikati ya zaburi, na mkakosa wa kumlalamikia. Kwa dola 70 wanunue mikro moja nzuri ya waya. Waya haugombani na antena ya mtu.

Na hapo pia wawe macho. Mikro inayoigwa sana ni Shure SM58, ile yenye kichwa cha mviringo cha wavu, iliyoanza kuuzwa mwaka 1966. Ya kweli ina gramu 298. Za bandia nyingi ni nyepesi. Mwende nayo kwa mwenye mizani ndogo ya duka, dakika moja inatosha. Uzito ukiwa sawa haumalizi ubishi, lakini ukipungua gramu 60 mmekwisha kujibiwa.

Pesa zinazobaki, kitu cha kwanza kinunuliwe regulateri ya kurani, kifaa cha kutuliza umeme, kabla ya waya na kabla ya stendi. Umeme ukikatika, mtu azime bafle na kuzichomoa. Ukirudi, mngoje dakika 5. Mkiwasha, miksa kwanza na bafle mwisho. Mkizima, bafle kwanza. Grupu (jenereta) ya parokia nayo ipite kwenye regulateri, kwa sababu inapokaribia kuishiwa mafuta inayumba vibaya kuliko mtandao wa mji.

Malipo yafanywe na ndugu mwenyewe kwa kadi yake, si kwa kumtumia mtu asiyemjua pesa taslimu. Mwenye kadi anaweza kudai benki imrudishie kitu kikikosa kufika, na baadhi ya kadi za mkopo za kule zinaongeza muda wa garanti ya kiwanda.

Sasa ile chaneli ya 3. Waambie. Wewe hukuiba kitu, ulinunua kwa nia njema na ukadanganywa na neno "mwaka". Kinachokunyima usingizi ni kile kimya, na kimya hicho kitaingia pia kwenye uamuzi wa bafle: komite inakubali haraka kwa kuwa haijui kwamba garanti ya namna hii imekwisha kuwaangusha mara moja. Wanakosa habari uliyo nayo wewe peke yako. Ukisimama ukasema, "Mwaka jana nilijibiwa hivi, kurudisha ilikuwa dola 95," utakuwa umewapa sababu ya kuweka zile dola 150 kando, na hakuna atakayebisha.

Kabla ya kikao, ijaribu miksa yenyewe. Chukua mikro na waya unavyojua vinafanya kazi kwenye chaneli ya 2, uvihamishie kwenye ya 3. Pandisha kidogo kidogo kile kifundo cha juu kabisa, uangalie kama kitufe cha kuzima chaneli hakijabonyezwa. Kisha tazama kama chaneli ile ina tundu la duara, tofauti na la mikro, lililoandikwa "insert". Ndani yake kuna kibati kidogo kinachopitisha sauti wakati tundu halina kitu, na kikishika kutu au vumbi, chaneli nzima inakufa ingawa haijaharibika. Chukua plagi nene ya gitaa, iingize na kuitoa hapo mara 10. Miksa nyingi zilizosafiri mbali nimeziona zikifufuka kwa hilo tu. Ikikataa, mpelekee fundi wa Kenya, umwambie aanzie hapo.